"Kwetu haupo": kisa cha mtoto wa Bahi na ramani ya selimundu

Mtoto alifika maabara akiwa mgongoni mwa mama yake, miezi 11, mikono imetokeza pembeni mwa kanga. Sehemu ya juu ya viganja ilikuwa imefura hadi ngozi inang'aa, vidole vimejaa kama ndizi kisukari, na mama alipofungua fundo la kanga mtoto alianza kulia kabla hajaguswa. Fomu waliyokuja nayo iliomba picha kamili ya damu, basi. Sehemu ya kuandika daktari anashuku nini ilikuwa tupu.

Nafanya kazi ya maabara hapa Dodoma. Majina ya watu na vituo nimeyaacha, na mambo madogo ya familia nimeyabadilisha ili wasitambulike.

Mama amezaliwa Sengerema, mkoa wa Mwanza. Alikuja kusoma Chuo Kikuu cha Dodoma, akapata ajira ya ualimu, akaolewa. Baba ni Mgogo wa Bahi, hapa hapa mkoani Dodoma, ana shamba la zabibu na bodaboda mbili. Mtoto huyu ni wa pili, wa kwanza ana miaka 5 na hajawahi kuumwa zaidi ya mafua. Huyu wa pili alikuwa mzima hadi alipofika miezi minane, miguu ikavimba. Zahanati walimpima malaria, kipimo kikasoma hasi, wakampa dawa mseto hata hivyo. Uvimbe ukaisha wenyewe baada ya wiki moja na dawa ikachukua sifa. Ulipojirudia, kituo cha pili kikasema baridi yabisi. Jirani akashauri chale, na zikachanjwa. Kituo cha tatu kilipiga picha ya mifupa, kikahofia usaha ndani ya mfupa, mtoto akachomwa sindano siku 7. Wiki 11 zimepita, vituo vitatu, na hakuna aliyemuuliza mama swali ambalo kule Sengerema angeulizwa kabla hajakaa kwenye benchi: kwenu kuna mtu mwenye siko seli (selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi)?

Mdogo wake alikufa nayo. Alikuwa analijua jibu tangu miguu ilipovimba. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alinijibu kwa sauti ndogo: "Nilisema, dokta. Nikaambiwa huku siyo Kanda ya Ziwa."

Nimelirudia jibu hilo kichwani mara nyingi, kwa sababu mhudumu aliyemwambia hivyo hakukosea kuhusu ramani: siko seli kweli ni nyingi zaidi kule ziwani. Alikosea matumizi yake.

Niliweka tone la damu kwenye slaidi, nikaongeza tone la metabisulfaiti, nikafunika kwa kioo na kuziba kingo kwa rangi ya kucha ili hewa isiingie. Dawa hii huinyang'anya damu oksijeni. Himoglobini ndiyo inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu za damu, na seli zenye himoglobini S nyingi, aina ile ya selimundu, hazivumilii hali hiyo. Baada ya nusu saa chini ya darubini zilikuwa zimeanza kupinda na kuchongoka, nyingine mundu kabisa, nyingine kama majani makavu ya mhindi. Himoglobini ya mtoto ilikuwa 7.1, yaani damu pungufu, na bandama inashikika chini ya mbavu.

Kipimo hiki kina udhaifu ambao umewaingiza watu wengi kwenye mtego. Kinasema S ipo, hakisemi ipo kiasi gani. Mgonjwa mwenye S mbili, moja kutoka kwa kila mzazi, na mtu mzima mwenye afya aliyebeba S moja wote husoma chanya. Wapo watu mitaani wanaoambiwa "una siko seli" na kumezeshwa foliki miaka yote, kumbe ni wabebaji tu. Kwa hiyo sampuli ilipelekwa kupimwa aina za himoglobini. Jibu lilirudi: S nyingi, F kiasi, A, ile ya kawaida, hakuna kabisa. F ni himoglobini ya mtoto akiwa tumboni mwa mama, ndiyo iliyomlinda mtoto miezi ya mwanzo, na kadiri inavyopungua ugonjwa hujitokeza. Ndiyo maana watoto wengi wa selimundu huonekana wazima hadi nusu ya mwaka wa kwanza kupita, halafu vidole vinavimba.

Hapo kisa kingeishia, kama si familia ya baba.

Siku ya majibu walikuja watatu: mama, baba na bibi mzaa baba. Bibi aliingia na salamu ya Kigogo, "Mbukwa," nikaitikia na kuongeza shikamoo. Daktari alieleza kwamba ugonjwa huu hurithiwa kwa wazazi wote wawili. Kimya kikatanda. Kisha bibi akasema, bila kupandisha sauti: "Mwanangu, sisi Wagogo macho tunaumwa, njaa tumeiona, lakini huo wa ziwani kwetu haupo. Kama unataka baba na mama, basi huyo baba atafutwe."

Mama aliinama. Baba akatoa pochi, ndani yake kadi ya kuchangia damu iliyochakaa, akaiweka mezani kama hati ya shamba. "Mimi nilishapimwa. Mimi ni A."

Kadi ilisema A Rh+. Hilo ni kundi la damu. Nimekutana na mkanganyiko huu mara nyingi kiasi kwamba sishangai tena: mtu anasikia walio salama ni "AA", yaani wenye himoglobini A mbili, anakumbuka kadi yake ina A, anahitimisha. Nilimwambia, "Kaka, kundi la damu ni kama alama iliyochorwa nje ya gunia. Himoglobini ni nafaka iliyomo ndani. Gunia la A linaweza kuwa na S ndani, na la O vilevile." Akaikunja kadi polepole na kuirudisha mfukoni.

Sikumpima pale pale. Ukishika vipimo vya wazazi na mtoto kwa pamoja, unashika pia siri ambazo hukuombwa kuzitafuta, na taarifa ya himoglobini si hukumu ya ndoa. Daktari alimwita mama pembeni, akamweleza jibu la baba linaweza kumaanisha nini, akamuuliza kama ana wasiwasi wowote. Hakusubiri sentensi iishe. "Mpimeni. Mpimeni hata leo."

Mama: A na S, A ikiwa nyingi zaidi. Baba: A na S, A ikiwa nyingi zaidi, S yake ikiwa chini kidogo kuliko ilivyo kwa wabebaji wengi. Jambo hilo mara nyingi huashiria kwamba mtu amerithi pia thalasemia ya alfa, ambayo Afrika Mashariki imeenea sana na kwa kawaida haimuumizi mbebaji. Wote wawili AS, na mtoto SS. Hesabu ilifunga.

Sasa turudi kwa bibi, maana hakuwa anabahatisha. Selimundu haikumwagwa nchini sawasawa kama mbegu za msiaji makini. Mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikusanya damu za makabila ya huko mwaka 1949, akaona jambo la ajabu: watu wa pwani na wa kandokando ya Ziwa Victoria walikuwa na wabebaji wengi, zaidi ya mtu 1 kati ya 5 katika baadhi ya jamii, huku watu wa nyanda za juu zenye baridi na mahali pakavu wakiwa nao wachache mno. Mwaka 1954 alichapisha maelezo yake: S inaua ikiwa mbili, lakini ikiwa moja humkinga mtoto dhidi ya malaria kali. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kinga hiyo hufikia karibu asilimia 90. Penye mbu wengi, kila kizazi watoto wenye S moja walibaki hai kuliko wenzao, na S ikaongezeka hadi pale vifo vya SS vilipoizuia. Pasipo na mbu wengi ilikuwa hasara tupu, ikabaki chache.

Dodoma ni nchi kavu. Mvua ni kama milimita 570 kwa mwaka, zinanyesha kuanzia Desemba hadi Aprili, kisha miezi ya vumbi. Hata leo ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo zaidi nchini. Kwa mantiki ya Allison, Ugogo ilipaswa kuwa na S kidogo kuliko Usukuma. Bibi hajawahi kumsikia Allison, lakini alikuwa anasema jambo lile lile kwa kumbukumbu ya wazee wake.

Kosa liko kwenye neno "haupo". Ramani ya namna hii imechorwa na mbu waliokufa zamani na mababu waliotembea. Mtu akihama, damu yake haibadiliki kwa sababu ya hali ya hewa ya alikohamia. Wamarekani weusi wameishi karne nyingi mbali na malaria ya Afrika, na bado takribani 1 kati ya 13 kwao ni mbebaji. Na Ugogo haikuwahi kuwa kisiwa. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita hapa hapa, wapagazi Wanyamwezi na Wasukuma kwa maelfu, watemi wa Kigogo wakitoza hongo, yaani ushuru, ya maji na njia. Reli ya kati ikafika Dodoma 1910. Mwaka 1973 ikaamuliwa hapa pawe makao makuu, na tangu serikali ianze kuhamia kwa nguvu 2016 mji umejaa watu wa kila kanda. Sensa ya 2012 ilihesabu mkoani watu 2,083,588. Ya 2022 ikakuta 3,085,625.

Tufanye hesabu kidogo, maana hesabu ndiyo inayoonyesha kwa nini daktari wa mkoa "usio na siko seli" ataona siko seli. Katika uchunguzi wa Kanda ya Ziwa uliochapishwa 2018, damu za watoto 17,200 zilipimwa: asilimia 20.3 walikuwa AS na asilimia 1.2 wagonjwa. Kila mtu ana nakala mbili za kinasaba cha himoglobini, moja kwa kila mzazi; ukizihesabu zote, S ni kama asilimia 11.35. Ukizidisha namba hiyo kwa yenyewe, yaani uwezekano wa S kukutana na S, unapata takribani asilimia 1.3, karibu kabisa na 1.2 waliyoikuta. Watu wa kule wanaoana bila kuangalia himoglobini, na namba zinaonyesha hivyo.

Sasa chukua mfano wa kukadiria tu: tuseme katika jamii fulani ya bara kavu wabebaji ni 1 kati ya 20. Wawili wa Ziwa wakioana, uwezekano wa mtoto mgonjwa kwa kila mimba ni 1/5 mara 1/5 mara 1/4, yaani 1 kati ya 100. Wawili wa bara kavu: 1 kati ya 1,600. Mmoja wa Ziwa na mmoja wa bara kavu: 1 kati ya 400. Ina maana ndoa za mchanganyiko haziongezi wagonjwa nchini. Kwa jumla zinawapunguza kidogo, kwa kuwa S zinatawanyika na kukutana mara chache. Lakini zinawapeleka wagonjwa mahali ambapo hakuna aliyejiandaa kuwapokea. Na hiyo 1 kati ya 20 inayosikika ndogo, katika mkoa wa watu milioni 3 ni zaidi ya wabebaji 150,000. Huwezi kusema "haupo" kwa umati wa namna hiyo.

Kwa hiyo namtetea nusu na kumlaumu nusu yule mhudumu aliyesema huku siyo Kanda ya Ziwa. Kuuliza mtu anatoka wapi ni jambo jema kliniki. Mtoto anavimba vidole, mama kwao ni Sengerema, shaka ipande. Ila asili ya mtu isitumike kuishusha shaka. Ikishavimba mikono ya mtoto wa miezi minane, hata wazazi wawe wa Kongwa na Mpwapwa hapa Ugogo, tone la damu linagharimu kidogo kuliko wiki 11.

(Na wala si kila ugonjwa wa damu wa kurithi unafuata ramani hii. Hemofilia, ile ya damu kutoganda, haina urafiki na mbu. Aina yake ya kawaida hukadiriwa kumpata mvulana 1 kati ya 5,000 katika mataifa yote, na takribani theluthi ya wagonjwa hawana historia yoyote kwenye ukoo kwa sababu kasoro hutokea upya. Mkoa ukikuta wagonjwa wachache wa hemofilia, uwezekano mkubwa ni kwamba haujawapima. Kwa selimundu namba ndogo inaweza kuwa ya kweli. Hawa wawili wasipangwe kwa kanuni moja.)

Tuliokuwa chumbani tulihitaji kitu cha kuonekana, siyo sehemu za mia. Nilichukua kofia za mirija ya damu, moja ya zambarau na moja nyekundu, nikazitia kwenye boksi tupu la glovu: huyu baba. Jozi nyingine kwenye boksi la pili: huyu mama. Zambarau ni A, nyekundu ni S. Nikamwomba bibi achomoe moja kutoka kila boksi bila kuchungulia, aseme rangi, azirudishe. Alichomoa mara kumi. Zambarau mbili zilitoka mara tatu, mchanganyiko mara tano, nyekundu mbili mara mbili. Mara ya nne na ya tano zilikuwa nyekundu mbili zikifuatana, na hapo baba aliguna. Yeye alikuwa amesikia "mmoja kati ya wanne" akaelewa kwamba mgonjwa wao wameshampata, kwa hiyo watatu wajao wako salama. Boksi halikumbuki kilichotoka jana.

Bibi aliweka kofia mezani akauliza swali zuri kuliko yote ya siku ile: "Hii nyekundu ya mwanangu, nimempa mimi?"

Tulimpima. AA.

Sijawahi kuona jibu la maabara likipokelewa hivyo. Alicheka hadi akashika meno. "Nilisema! Kwetu haupo!" Na kweli, kwa nyumba yake mwenyewe alikuwa sahihi kwa herufi zote mbili. S ya mwanawe ilitoka kwa marehemu mumewe. Ndipo ikaja hadithi iliyokuwa haijasemwa tangu asubuhi: babu wa marehemu hakuwa Mgogo wa kuzaliwa. Alikuwa mpagazi kutoka Unyamwezi, aliugua njiani, akaachwa na msafara, akauguzwa, akaoa, akapewa ng'ombe na jina la ukoo. Kama S ilitoka kwake au kwa mwingine yeyote njiani, damu haisemi. Ila kizazi cha tatu hakuna aliyekumbuka kumwita mgeni. Bibi alimgeukia mkwewe akamwambia kwa Kigogo maneno ambayo sikuyaelewa yote, na mama akalia kwa namna tofauti na mwanzo.

Matibabu nitayapitia haraka kwa kuwa hayana utata siku hizi. Penisilini ya kunywa kila siku hadi miaka 5, kwa sababu bandama ya hawa watoto huchoka mapema na nimonia huwaua. Chanjo zote zikamilike. Foliki. Chandarua bila kukosa, kwani aliye na S mbili hana kinga ya aliye na S moja, malaria humshusha damu kwa kasi. Mama alifundishwa kupapasa bandama kila jioni na kukimbia hospitali ikikua ghafla. Haidroksiyurea, dawa ya kupunguza mashambulizi ya ugonjwa, ilianzishwa baadaye kwa kipimo cha uzito, na picha ya damu ikawa inaangaliwa kila baada ya muda. Homa yoyote, hospitali siku ile ile.

Baba aliuliza kuhusu kupandikiza uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, alikuwa amesikia redioni. Hospitali ya Benjamin Mkapa, hapa hapa mjini, imewahi kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Sharti gumu ni mtoaji: ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana, na mtoaji akiwa AS haimzuii. Mtoto wa kwanza amepimwa himoglobini, ni AS. Kipimo cha kulingana bado hawajafanya. Daktari aliwashauri waanze kwanza na dawa, mtoto atulie, na nadhani alishauri vizuri.

Kilichobaki ni ukoo. Marehemu mume wa bibi alikuwa AS, kwa hiyo kila mtoto wake ana nafasi nusu ya kuwa mbebaji, na alizaa sita. Simu ya kwanza ilitoka kwa shangazi wa mtoto, binti wa miaka 24 aliyechumbiwa Singida. Alikuja peke yake Ijumaa, akapimwa, akawa AS. Alikaa na karatasi muda mrefu, kisha akauliza kama amwambie mchumba kabla au baada ya mahari kupelekwa. Nilimwambia kabla, na amlete mchumba tumpime naye. Mwenzangu wa zamu alinilaumu, anasema mwanamke ndiye atakayeachwa na mwanamume hatapimwa kamwe. Bado tunabishana.

Bibi amekuja tena mara mbili kumsindikiza mjukuu kliniki. Karatasi yake ya AA ameifunga kwenye pindo la kanga pamoja na nauli, na huwaonyesha wanaokaa naye benchi, hata wasiouliza.